Nani Alipe Bili? Mjadala wa Johannesburg kuhusu Matibabu ya Kubadili Jinsia

Namba ya kitambulisho cha Afrika Kusini ina tarakimu 13. Sita za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Nne zinazofuata zinataja jinsia: 0000 hadi 4999 ni mwanamke, 5000 hadi 9999 ni mwanamume. Karani wa benki, mwajiri, hata mwenye nyumba unayotaka kupanga, wote huisoma namba hiyo kisha wakakutazama usoni. Sheria Na. 49 ya 2003 inamruhusu mtu aombe jinsia iliyoandikwa kwenye rejista ya kuzaliwa ibadilishwe. Lakini anayeomba kwa kuwa amebadili jinsia anatakiwa awe amekwisha kubadilishwa mwili kwa upasuaji au kwa dawa, na alete ripoti za madaktari. Kabla ya hapo mlango ulifunguliwa ukafungwa: mwaka 1974 serikali ya ubaguzi wa rangi iliruhusu badiliko hilo kwa waliokwisha fanyiwa upasuaji, mwaka 1992 sheria mpya ya uandikishaji ikaliondoa, na walioanza matibabu baada ya hapo wakabaki miaka 11 bila pa kwenda.

Serikali, basi, imeifanya tiba kuwa sharti la karatasi, na bili ya tiba ikamwachia mgonjwa. Mwenye bima anaambiwa haimo katika mafao. Mlipa kodi anapata nafuu kiasi. Asiye na hivyo viwili anapanga foleni. Nina msimamo wangu na nitausema, lakini kwanza wasikike watu wanaozungumza Kiswahili mjini humu. Sauti zifuatazo nimezitunga kutokana na hoja zinazozunguka, ndiyo maana hazina majina. Mhasibu ni Mtanzania anayeandaa ritani za kodi Sandton. Muuguzi ni Mkenya wa siku nyingi Hillbrow. Mama anatoka Bukavu, anauza maharage na dagaa sokoni Yeoville, na kanisani ni mzee wa usharika. Binti kazaliwa Johannesburg kwa wazazi wa Tanga, akaandikishwa mvulana. Mkimbizi anatoka Goma, kwao aliandikishwa msichana, na hapa anaishi kwa kibali cha mwomba hifadhi.

Mhasibu: Niruhusuni nianze na hesabu, maana hasira nyingi katika jambo hili zinatokana na kutojua pesa inapita wapi. Bima ya afya ya hapa, hiyo ambayo kila mtu Joburg anaiita medical aid, kisheria ni skimu, yaani mfuko wa wanachama. Sheria ya Skimu za Matibabu ya 1998 inakataza kumtoza mgonjwa zaidi ya mzima. Mlio katika mpango mmoja mnachangia kwa kipimo kimoja, tofauti ni kipato na idadi ya wategemezi tu. Tena mfuko unalazimika kuweka akiba isiyopungua asilimia 25 ya michango ya mwaka. Kwa hiyo ukiongeza fao leo, mwakani anayelipa ni mwalimu wa Soweto na nesi wa Tembisa. Kila senti pale ni ya mtu fulani.

Binti: Mjomba, na mimi ni mmoja wa hao watu fulani. Mchango wangu unakatwa kila mwezi kama wa huyo mwalimu. Nikienda kwa daktari, fomu ya madai inabeba msimbo wa hali yangu, F64.0. Msimbo huo ukiingia kwenye mfumo wao jibu ni lile lile: haimo katika mafao. Basi homoni nalipa kwa akiba ndogo ya matibabu iliyo ndani ya mpango wangu, na inakwisha kabla mwaka haujafika nusu. Kuanzia hapo ni mfukoni. Sasa nisikilize. Dawa yangu ni estradioli. Mwanamke wa miaka 52 aliyekoma hedhi akiandikiwa estradioli, skimu inalipa, kwa sababu matunzo ya ukomo wa hedhi pamoja na homoni zake yamo katika kitita cha mafao ya lazima. Duka la dawa ni moja, kidonge ni kimoja. Yeye analipiwa, mimi nafukuzwa.

Mhasibu: Kitita hakifuati kidonge, mwanangu, kinafuata hali. Kimeorodhesha hali 270 hivi pamoja na magonjwa sugu, na kila hali ina matibabu yake. Hali yako haimo. Skimu haikukutenga wewe peke yako. Imewaacha nje na wengi wanaotaka kupunguza tumbo au kunyoosha pua.

Binti: Usinipange na pua, mjomba. Sheria hiyo hiyo unayoitaja, kifungu cha 24, inasema skimu isisajiliwe kama inabagua isivyo haki kwa sababu kama jinsia, mwelekeo wa kimapenzi, ulemavu au hali ya afya. Mwenye pua ndefu hatakiwi kuleta ripoti ya daktari ndipo apewe kitambulisho kinachofanana naye. Mimi natakiwa.

Hoja hiyo ya Binti ndiyo iliyonifanya niandike. Mtu anaweza kuwa na mashaka yote duniani kuhusu kubadili jinsia na bado akakiri kwamba nchi haiwezi kumtaka raia apate tiba fulani ndipo imtambue, kisha ikaihesabu tiba hiyo kuwa anasa. Ama sharti liondolewe, ama tiba iwe na mlipaji. Nchi kadhaa, Argentina ikiwa ya mwanzo mwaka 2012, zimeondoa sharti la kitabibu. Afrika Kusini bado inalo.

Mama: Miye mniwie radhi, nitasema kama mtu wa kanisa. Naamini mwili nimepewa na Mungu, sikuununua. Huyu binti namwita mwanangu, simfukuzi mezani kwangu. Lakini kuna tofauti kati ya kula naye na kulazimishwa kulipia jambo ambalo dhamiri yangu inalikataa. Mpwa wangu anafanya kazi ya usafi kwenye ofisi, bima anakatwa. Yeye hana sauti?

Muuguzi: Anayo, Mama, na swali lako ni la haki. Ila tazama mfuko unavyofanya kazi. Shahidi wa Yehova anachangia skimu ile ile, na imani yake inamkataza kuongezewa damu. Mpwa wako akipata ajali pale barabara ya Louis Botha akahitaji damu, pesa ya yule Shahidi imo katika kumwokoa. Yupo anayekataa dawa za kupanga uzazi, yupo asiyekunywa pombe na bado mchango wake unatibu ini la mlevi. Tukisema kila mwanachama atoe pesa zake mahali dhamiri yake inapogoma, mfuko hautakuwapo.

Mama: Hilo la damu sikuwa nimelitazama hivyo. Lakini basi tuulize lipi linatangulia. Shangazi wa jirani yangu figo zimekufa zote mbili. Mbele ya figo, homoni ni nini?

Mhasibu: Mama amegusa penyewe. Mwaka 1997 Mahakama ya Katiba, iliyo hapa hapa Johannesburg, ilisikiliza kesi ya Thiagraj Soobramoney wa Durban. Figo zilikuwa zimeshindwa, hospitali ya umma ikamkatalia mashine ya kusafisha damu kwa kuwa mashine ni chache na yeye hakutimiza masharti yao. Akashindwa kesi, na muda mfupi baadaye akafariki. Katiba inampa kila mtu haki ya huduma za afya katika kifungu cha 27, lakini inasema pia: kwa kadiri ya uwezo uliopo. Kama mtu wa figo aliambiwa uwezo haupo, mnataka nimwambie nini mwalimu wa Soweto?

Muuguzi: Mwambie na ile kesi ya pili, kaka, usiishie kwenye ya kwanza. Mwaka 2002 mahakama hiyo hiyo iliiamuru serikali itoe dawa ya nevirapini kwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI, katika kesi iliyofunguliwa na Treatment Action Campaign. Serikali nayo ilikuwa imeleta hoja ya uwezo. Na kwa upande wa skimu, dawa za kufubaza virusi ziliingia katika mafao ya lazima mwaka 2005. Mimi nakumbuka hofu iliyokuwapo, kwamba mifuko itakauka. Skimu zipo mpaka leo, zina watu kama milioni 9. Hofu ya gharama isikilizwe, lakini ipimwe kwa idadi ya wagonjwa na bei ya dawa. Waliobadili jinsia ni wachache mno kuliko wenye virusi, na homoni si mashine ya figo. Ni vidonge, au sindano kila baada ya wiki kadhaa, na kipimo cha damu mara chache kwa mwaka. Mwongozo uliotolewa mwaka 2021 na chama cha madaktari wa VVU wa Kusini mwa Afrika unasema huduma hii inaweza kutolewa katika ngazi ya msingi. Si lazima kila mtu apitie kwa bingwa.

Mhasibu: Na wasipolipiwa, wanakufa? Niwie radhi kuuliza kwa ukali hivyo, lakini ndivyo bodi za skimu zinavyouliza.

Muuguzi: Wasipolipiwa hawaachi, kaka. Wananunua mtaani. Ngoja nikueleze ninachokiona kwenye karatasi za maabara. Anayetumia spironolaktoni bila kupimwa anaweza kupandisha potasiamu mpaka mapigo ya moyo yakavurugika. Anayemeza estrojeni maradufu kwa kudhani atabadilika upesi anajiweka katika hatari ya damu kuganda mguuni, na bonge hilo likipanda kwenye mapafu ni dharura. Anayejidunga testosteroni bila kipimo, damu yake inakuwa nzito. Haya yote yanazuilika kwa daktari wa kawaida na chupa moja ya damu. Yasipozuiliwa, anaingia hospitali kwa mlango wa dharura, na hapo skimu yako inalipa yote bila kuuliza msimbo. Umekataa kulipia kipimo ukalipia kitanda cha wagonjwa mahututi.

Mhasibu alikubali hilo upesi kuliko nilivyotarajia nilipokuwa nikimtunga, na nadhani mhasibu halisi angekubali pia. Penye mgogoro wa kweli ni upasuaji. Hospitali za umma zinazoufanya ni chache, Groote Schuur ya Cape Town ikiwa ndiyo inayotajwa zaidi. Wanaofanyiwa kwa mwaka ni wachache, na foleni inahesabiwa kwa miaka. Hospitali binafsi ipo, kwa mwenye fedha. Ndipo kodi inapoingia katika mazungumzo.

Mhasibu: Hapa kwenye kodi nina habari njema na habari mbaya. Tangu mwaka 2014 hatupunguzi tena gharama za matibabu kutoka kwenye mapato. Tunapunguza kodi yenyewe. Nafuu ya kwanza ni ya mchango wa skimu: mwaka wa kodi 2024/25 ilikuwa randi 364 kwa mwezi kwa mwanachama, 364 kwa mtegemezi wa kwanza, na 246 kwa kila anayefuata. Nafuu ya pili ndiyo inayokuhusu, binti. Kwa mtu aliye chini ya miaka 65 na asiye na ulemavu, unachukua gharama ulizolipa mwenyewe, unaondoa asilimia 7.5 ya mapato yako yanayotozwa kodi, na robo ya kinachobaki inakatwa kwenye kodi unayodaiwa. Kifungu kinataja aliyetoa huduma: daktari aliyesajiliwa, hospitali, mfamasia aliyetoa dawa iliyoandikwa na daktari. Hakina orodha ya upasuaji unaokubalika na usiokubalika. Kwa hiyo tunza risiti.

Binti: Nipigie hesabu.

Mhasibu: Tuseme mapato yako ni randi 300,000 kwa mwaka, na umelipa 120,000 kutoka mfukoni. Tuache michango ya skimu ili mahesabu yawe mepesi. Asilimia 7.5 ni 22,500. Zinabaki 97,500. Robo yake ni 24,375. Hizo zinakatwa kwenye kodi yako.

Binti: Na kama napata randi 120,000 kwa mwaka, nimejibana nikalipa 40,000?

Mhasibu: Hapo ndipo habari mbaya. Ondoa 9,000, zinabaki 31,000, robo ni 7,750. Lakini kodi unayodaiwa kwa mapato hayo, kwa viwango vya 2024/25 na baada ya nafuu ya kila mlipa kodi, ni 4,365 tu. Nafuu hii haizidi kodi. Huwezi kurudishiwa pesa ambayo hukudaiwa. Utapata 4,365, zilizobaki zinapotea. Na aliyepata chini ya randi 95,750 mwaka huo wa kodi hakudaiwa kodi ya mapato kabisa, kwa hiyo nafuu yake ilikuwa sifuri.

Mama: Yaani mwenye shida zaidi ndiye asiyepata?

Mhasibu: Ndiyo, Mama. Na hata anayepata anapata baadaye. Kwanza alipe, ndipo asubiri msimu wa ritani.

Wamarekani waliufikisha mjadala huu mahakamani. Rhiannon O'Donnabhain wa Massachusetts alifanyiwa upasuaji mwaka 2001, akapunguza gharama zake kwenye ritani, na mamlaka ya kodi ikamkatalia kwa hoja kwamba huo ni urembo, maana sheria ya kodi ya kule inatoa nje upasuaji wa urembo. Mwaka 2010 Mahakama ya Kodi ikaamua kwamba homoni na upasuaji wa kubadili jinsia ni matibabu, ila gharama ya kukuza matiti, kwa ushahidi uliokuwa mbele yake, ikakataliwa. Mwaka uliofuata mamlaka ikaukubali uamuzi. Ushindi ule ulikuwa mkubwa kwa heshima ya watu. Lakini faida yake ilimfikia nani? Mtu aliyekuwa tayari amepata maelfu ya dola ya kulipa. Ndivyo ilivyo hata hapa. Nafuu ya kodi inamfuta jasho aliyekwisha kuvuka, haimvushi aliye ng'ambo. Watetezi wa haki wanaoanza na kodi, nadhani, wanaanza mahali pasipo na watu.

Mhasibu: Kuna njia nyingine wateja huniulizia. Aliyethibitishwa kuwa na ulemavu haondolewi asilimia 7.5, na anakatiwa theluthi, si robo. Daktari anajaza fomu ya ITR-DD kwamba mtu ana upungufu wa mwili au wa akili unaomzuia kufanya shughuli zake, na ni wa zaidi ya mwaka mmoja.

Binti: Hapana. Sina upungufu unaonizuia kazi. Kinachonizuia kazi ni zile tarakimu nne. Sitaandikwa mlemavu ili nipate theluthi.

Mhasibu: Sikushauri udanganye. Lakini huoni hapa unajifunga mwenyewe? Shirika la Afya Duniani limeiondoa hali hii katika orodha ya magonjwa ya akili, na uainishaji huo mpya umeanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Mnashangilia kwamba si ugonjwa, halafu mnaleta bili kwenye mfuko wa wagonjwa.

Muuguzi: Ujauzito ni ugonjwa, kaka?

Mhasibu: Si ugonjwa.

Muuguzi: Na kujifungua kumo katika mafao ya lazima. WHO hawakuifuta hali hii, wameihamishia kwenye sura ya afya ya kijinsia, na walisema wazi kwamba wameibakiza katika orodha ili watu wapate huduma na bima. Mwili hauhitaji kuwa mgonjwa ndipo uhitaji daktari.

Mama: Na watoto? Maana hapo ndipo mimi usingizi unaniruka. Nasikia Uingereza wamefunga.

Muuguzi: Kwa watoto nakuunga mkono twende polepole, Mama. Ripoti ya kule ya Daktari Hilary Cass ya Aprili 2024 ilikuta ushahidi wa dawa za kuzuia balehe ni dhaifu, na huduma ile ikabanwa sana. Hata baadhi ya wanaoipinga ripoti wanakubali kwamba utafiti zaidi unahitajika. Lakini bili inayozungumzwa hapa ni ya watu wazima, wenye kazi na michango yao. Hofu yetu kwa mtoto wa miaka 13 isiwe sababu ya kumnyima mtu wa miaka 35 kipimo cha damu.

Mpaka hapo Mkimbizi hajasema neno. Katika mijadala mingi ya bima na kodi mtu kama yeye hakai hata kwenye kiti.

Mkimbizi: Nimewasikiliza. Mmegawana skimu, mmegawana kodi, mimi sijajiona popote. Medical aid sina. Kodi ya mapato sidaiwi, ila nikinunua sabuni au vocha ya simu nakatwa asilimia 15 kama ninyi. Ile sheria ya 2003 inabadilisha rejista ya kuzaliwa ya Afrika Kusini, na mimi nimezaliwa Goma, rejista gani wataibadilisha? Nilikuwa na mahali pamoja tu. Hillbrow kulikuwa na kliniki ya watu kama mimi iliyoendeshwa na taasisi ya Wits RHI. Hawakuniuliza randi, hawakuniita kwa jina lililo kwenye kibali mbele ya watu. Pesa yake ilikuwa ya Wamarekani. Januari 2025 Washington ikasimamisha misaada, na mlango ukafungwa. Dawa niliyokuwa nayo ilikuwa ya wiki chache.

Mhasibu: Kliniki za umma za ngazi ya msingi ni bure tangu 1996 kwa asiye na medical aid.

Mkimbizi: Bure ndani, kaka. Lakini getini? Mwaka 2025 vijana wa kikundi cha Operation Dudula walisimama kwenye mageti ya kliniki wakidai vitambulisho, mgeni arudi. Mimi nikifika pale nina makosa mawili: karatasi inasema Kongo, na picha iliyo juu yake ni ya msichana.

Mama: Hilo nalijua kwa macho yangu. Shinikizo langu la damu wanalipima kliniki, na asubuhi moja tuligeuzwa getini, wajawazito na wazee, dawa mfukoni zimekwisha. Hawakuuliza tunasali wapi. Ukiongea Kiswahili umekwisha.

Muuguzi: Mahakama Kuu ya hapa Johannesburg iliwapiga marufuku vijana hao kufanya hivyo, Novemba 2025. Kulinda mageti ya hospitali si kazi ya kikundi cha mtaani.

Mkimbizi: Nashukuru kwa mahakama. Sasa nawauliza kuhusu kesho. Rais Ramaphosa alitia saini sheria ya bima ya afya ya taifa tarehe 15 Mei 2024. Mnasema itamfikia kila mtu. Kifungu cha 4 kinasema mwomba hifadhi atapata huduma za dharura na magonjwa ya kutolewa taarifa, basi. Ombi langu la hifadhi lina miaka mingi ofisini. Homoni si dharura. Mpaka nipate bonge la damu, Sista, ndiyo nitakuwa dharura?

Hakuna aliyejibu swali hilo vizuri, na mimi sijapata jibu la kuwatungia. Ninachoweza ni kusema ninavyoamini, kwa mpangilio ninaoamini. Homoni, vipimo vyake na kumwona daktari viingizwe katika kitita cha mafao ya lazima, kama ilivyofanyika kwa dawa za virusi, na mkoa wetu wa Gauteng uzitoe dawa hizo hizo katika kliniki zake kwa bajeti yake, ili mlango usifungwe tena kwa barua ya serikali ya nchi nyingine. Sheria ya 2003 iache kumtaka mtu tiba ndipo apewe namba. Ndipo tuzungumze upasuaji, na hapo namsikiliza Mhasibu, kwa sababu pesa ni nyingi na wenye figo wapo. Nafuu ya kodi ibaki, ila isihesabiwe kuwa jibu. Na yote haya yafanyike tukijua kwamba bima ya taifa ikikamilika, kifungu cha 33 cha sheria yake kitaziachia skimu yale tu yasiyolipwa na taifa. Kitakachoandikwa katika kitita leo ndicho kitakachobishaniwa wakati wa kuandika kitita cha taifa, na kilichokosekana huku kitakosekana kule.

Binti: Mimi nasubiri sheria gani, mjomba? Nataka kujua la kufanya na ile barua yao ya kukataa.

Mhasibu: Usiitupe. Andika malalamiko kwa ofisa mkuu wa skimu, kwa maandishi, utaje kifungu cha 24. Wakikataa, peleka kwenye Baraza la Skimu za Matibabu. Skimu inapewa siku 30 kujibu. Usiombe upasuaji katika barua hiyo.

Binti: Kwa nini nisiombe? Ni wangu.

Mhasibu: Kwa sababu ukiviomba vyote watajibu kile cha ghali na kukinyamazia cha rahisi. Omba estradioli. Waulize kwa nini wanailipa kwa msimbo mmoja na kuikataa kwa mwingine. Mimi nitakuandalia jedwali la gharama, kidonge kwa mwaka dhidi ya siku tatu za kitanda cha mahututi. Upasuaji bado sikubaliani nawe.

Binti: Basi utaandaa jedwali, na mimi upasuaji nitauandikia barua ya pili.

Mama: Na huyu mwingine? Yeye barua atamwandikia nani?

Muuguzi: Kwake tuanze na damu. Kesho kutwa, saa moja asubuhi, kwenye kliniki ya mtaani kwako. Njoo na kibali, na kama muda wake umepita njoo nacho hivyo hivyo. Nitamwomba daktari akupime kwanza potasiamu—

Mkimbizi: Mimi ni testosteroni, Sista.

Muuguzi: Basi wingi wa chembe nyekundu, na ini. Umejidunga lini mara ya mwisho, na uliipata wapi?